Masasisho ya Jumatano Asubuhi

Kama kompyuta za ofisini kwako zina tabia ya kujizima zenyewe Jumatano asubuhi, usimsingizie jini. Microsoft hutoa masasisho (apdeti) ya Windows kila Jumanne ya pili ya mwezi, na wamefanya hivyo tangu mwaka 2003. Hutoka saa nne asubuhi kwa saa za Redmond, jimbo la Washington, yaliko makao yao makuu, ambayo huku kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira yao. Muda huo ofisi nyingi za Dar es Salaam zimeshafungwa na mlinzi yuko nje na redio yake. Kwa hiyo masasisho yanaikuta kompyuta kesho yake, pale mhasibu anapoiwasha huku wateja wameshapanga foleni, nayo inajizima na kujiwasha upya ili kuyaweka.

Ugomvi wote unaanzia hapo. Windows imetengenezwa kwa ajili ya ofisi ambayo kompyuta inaachwa usiku kucha ikiwa imewashwa, umeme haukatiki na intaneti hailipiwi kwa bando. Ndani yake kuna mpangilio wa saa za kazi: unaiambia kompyuta kwamba kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni isithubutu kujizima na kujiwasha. Jambo jema. Ila kwetu, nje ya saa hizo, kompyuta haina hata umeme. Aliyewahi kuunguliwa na pawa saplai siku umeme uliporudi kwa kishindo anaelewa kwa nini bosi anataka plagi zote zichomolewe kabla ya watu kuondoka. Ule usiku ambao Redmond wanautegemea haupo, na sasisho lililokosa usiku litatafuta mchana.

Ofisi nyingi dawa yao ni kumwita fundi. Fundi anaingia kwenye orodha ya huduma za Windows, anaizima ile ya Windows Update, anapokea chake na kuaga. Miezi inapita, kimya, kila mtu anamsifu. Nami nakula kupitia kazi hiyohiyo ya ufundi, kwa hiyo wenzangu wanisamehe nikisema kwamba tunawaumiza wateja wetu.

Wateja wenyewe siwalaumu. Kutoyaamini masasisho ni jambo walilofundishwa, na aliyewafundisha ni mtengenezaji. Windows 10 ilipotoka Julai 2015, Microsoft walitaka kila mwenye Windows 7 na 8.1 ahamie huko bure ndani ya mwaka mmoja. Walianza kwa kubembeleza, wakaishia kwa hila. Kufikia Mei 2016 lilikuwapo dirisha la taarifa ambalo ukibonyeza alama ya X pembeni, kama tulivyozoea miaka yote kukataa jambo, kompyuta ilichukulia umekubali na ratiba ya kuhamia Windows 10 ikabaki palepale. Watu walilala na Windows 7 wakaamka na kitu kingine. Mwanamke mmoja mwenye ofisi ya wakala wa safari huko California, ambaye kompyuta yake ya kazi ilivurugika baada ya kuhamishwa hivyo, aliwapeleka mahakamani akapewa dola 10,000. Microsoft waliacha kukata rufaa wakalipa, ingawa hawakukiri kosa. Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwenye hifadhi ya Chinko, watu wanaopambana na majangili wenye silaha walilalamika kwamba laptopu zao porini zilianza kupakua Windows 10 zenyewe kupitia intaneti ya setilaiti, ambayo gharama yake si ya kuchezea. Mwisho wa mwaka huo mkuu wa masoko wa Microsoft, Chris Capossela, alikiri hadharani kwamba walivuka mpaka.

Walivuka, na hasara hawakuipata wao. Mei 2017 ukaja WannaCry, uvamizi wa kirusi cha kompyuta uliofunga mafaili ya watu na kudai fidia. Tundu la usalama la Windows ulilopitia lilikuwa limeshazibwa na sasisho la tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Uingereza, ukaguzi wa serikali ulibaini kwamba taasisi zisizopungua 81 kati ya 236 za huduma ya afya ya umma huko England ziliathirika, na maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Wengi bado husema eti kisa kilikuwa Windows XP ya zamani, lakini kompyuta nyingi zilizoambukizwa kwenye hospitali zile zilikuwa na Windows 7 ambayo bado ilikuwa ikitolewa masasisho. Dawa ilikuwapo, haikuwekwa.

Ninachoishutumu Microsoft mpaka leo ni kuchanganya mambo mawili katika kifurushi kimoja. Kuziba tundu la usalama ni haki ya mwenye kompyuta, na inatakiwa iwe kazi ndogo isiyobadilisha chochote machoni pake. Kuhamisha kitufe cha Start, kuleta habari za watu maarufu kwenye upau wa chini, kumpachika mtu kivinjari asichokiomba, hiyo ni biashara yao. Vikija pamoja kwa jina moja la sasisho, mtu anayechukia la pili atalikataa na la kwanza. Na wakati mwingine kifurushi chenyewe ni kibovu: toleo la Oktoba 2018 liliwafutia baadhi ya watu mafaili yao ya kazi na picha, likasimamishwa baada ya siku chache. Ukimwambia aliyepatwa na hilo kwamba masasisho ni kwa usalama wake, atakutazama tu.

Kuna sababu nyingine ambayo kwenye vikao vya heshima haitajwi: Windows ya kuchakachua. Kompyuta nyingi mitaani ziliwekewa Windows isiyo na leseni, na mwenye nayo anaogopa kwamba ikijiapdeti itagundulika. Hofu hiyo haina msingi mkubwa, maana hata Windows ambayo haijaamilishwa kwa leseni hupata masasisho ya usalama. La kuogopwa zaidi ni kile kiprogramu alichotumia fundi kuichakachua, ambacho mara nyingi humtaka azime kwanza kinga ya virusi. Ukishazima mlinzi na masasisho kwa mkupuo, umebaki na nini?

Kwa ofisi ninazozihudumia nimeacha kuzima. Ninachofanya ni kusitisha masasisho kwa muda, jambo ambalo Windows inaruhusu hadi siku 35, kisha tunakubaliana jioni moja kila mwezi, kwa kawaida Ijumaa ya wiki inayofuata. Zile siku za katikati zinatosha kusikia kama sasisho limewaharibia wengine. Jioni hiyo kompyuta zinabaki zimewashwa zikiwa kwenye UPS, ile betri ya akiba, mtu mmoja anabaki, analipwa muda wa ziada. Kwenye mipangilio naruhusu kompyuta zigawane masasisho ndani ya ofisi, moja ipakue na nyingine zichukue kwake, bando lisiishe mara kumi kwa kitu kilekile. Anayetumia intaneti ya simu naiandika kama mtandao wa kulipia kwa kipimo, ili isipakue mizigo bila ruhusa. Hakuna la ajabu hapo. Kilicho kigumu ni kumshawishi bosi alipe huo muda wa ziada, na hoja inayomwingia ni kumwonyesha asubuhi moja iliyopotea imemgharimu kiasi gani.

Na sasa kuna wanaofurahi kwamba kompyuta zao zimeacha kabisa kuwasumbua. Wanaotumia Windows 10 wajue kwamba muda wake wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ule utulivu maana yake matundu mapya hayazibwi. Ofisi inaweza kununua muda zaidi, kwa bei iliyotangazwa ya dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, ikiongezeka maradufu kila mwaka, miaka mitatu mwisho. Kwa kompyuta ya mtumba ya laki tatu hesabu hiyo haiingii akilini. Zile zinazotumika kwa kivinjari na barua tu nimeanza kuziwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, na malalamiko yamekuwa machache kuliko nilivyotegemea, ukiacha ya printa. Na anayekwenda Kariakoo kutafuta nyingine aulize kwanza prosesa ni ya kizazi cha ngapi: Intel karibu zote za chini ya kizazi cha nane hazimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, toleo lililoifuata Windows 10, kwa hiyo muuzaji ashushe bei au mteja asogee duka la pili.