Mbao, alumini au PVC: fremu ipi itatengenezeka ikiharibika?

Kila malighafi ya fremu ya dirisha au mlango ina watetezi wake. Wa mbao husema mti huota tena. Wa alumini hujibu kwamba haiozi wala hailiwi na mchwa. Wa PVC, ile plastiki ngumu inayojulikana zaidi kwa weupe wake, husifu kwamba haidai rangi. Wote wanasema kweli, ila fremu huharibika mara chache kwa sababu ya malighafi yenyewe. Huharibika kwenye kona iliyofyonza maji, kwenye skrubu iliyoshika kutu, kwenye mpira wa kuziba uliokauka na kwenye bawaba iliyolegea. Ndiyo maana tunapima kwanza jambo hili: sehemu itakayoharibika mapema inaweza kubadilishwa bila kung'oa fremu nzima? Dirisha linalotupwa baada ya miaka 15 limeyaelemea mazingira, hata likiwa limetengenezwa kwa malighafi safi kiasi gani.

Kwa kipimo hicho mbao inaanza mbele. Kizingiti kilichooza hukatwa na kuungwa kipya. Mlango unaokwama hupigwa randa. Tundu la skrubu lililopanuka huzibwa kwa kijiti na gundi, likatobolewa upya. Alumini na PVC hazikubali matengenezo ya namna hiyo. Mbao pia hupitisha joto kidogo sana: kwa wati kwa mita kwa kila digrii, mbao laini ni takriban 0.13 na PVC 0.17, wakati chuma ni 50 na alumini 160.

Adui wa mbao ni maji yanayokaa. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu unaozidi asilimia 20 hivi, na mbao ya dirisha inapaswa kuingia karakana ikiwa na asilimia 12 hadi 15. Ikikaushwa kwa hewa tu, kanuni ya mafundi ni kama mwaka mmoja kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo anayeuziwa mlango wa mbao iliyopasuliwa juzijuzi ananunua mlango utakaojipinda. Hata mbao kavu haitulii kabisa. Paneli yenye upana wa milimita 400 inaweza kutanuka na kusinyaa milimita 4 hadi 5 kati ya majira makavu na ya unyevu. Isigundishwe; ikae huru kwenye mfereji wake, na iachiwe nafasi ya milimita 3 hivi kila ubavu. Ikigundishwa, ama itapasuka ama itafungua viungo vya mlango.

Kizingiti cha dirisha kinahitaji mteremko wa digrii 7 au zaidi kuelekea nje, pamoja na mfereji mwembamba chini ya ukingo wake ili maji yadondoke kabla ya kurudi ukutani. Ncha kali zilainishwe ziwe mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, kwa sababu rangi hukimbia ncha kali na kuacha utando mwembamba unaopasuka mapema. Vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa kuvuka nyuzi, hunywa maji haraka kuliko ubavu, hivyo vipakwe praima, rangi ya kwanza ya msingi, kabla ya viungo kufungwa. Baadaye brashi haifiki. Vanishi isiyo na rangi haifai nje. Jua hupenya na kuharibu uso wa mbao chini yake, kisha vanishi hubanduka vipande vipande. Rangi nzito, au mafuta yenye rangi ndani yake, hudumu zaidi.

Jina la mti nalo hudanganya. Vipimo vya Ulaya hugawa mbao katika madaraja 5 ya kustahimili kuoza, la 1 likiwa bora kuliko yote: moyo wa mtiki uko daraja la 1, msonobari kwa kawaida la 3 au 4. Lakini ubao mweupe wa nje wa mti wowote, hata mtiki, huhesabiwa daraja la 5. Fremu ya "mbao ngumu" yenye mstari mweupe ubavuni itaanza kuoza hapohapo. Zaidi ya hayo, miti iliyozoeleka kwa milango imepungua: mwaka 2022 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ziliweka mninga na mkongo wa Afrika kwenye Kiambatisho cha II, hivyo biashara yake ya kuvuka mipaka inadai kibali. Muuzaji anayetaja cheti cha FSC, shirika linalothibitisha misitu inayotunzwa, aonyeshe namba ya cheti kwenye ankara yenyewe. Nembo ya ukutani haithibitishi chochote kuhusu mzigo unaoununua. Njia nyingine ni msonobari uliobadilishwa kwa kemikali ya asetiki, unaofikia daraja la 1 ingawa mti wake hukua haraka. Huo ufungwe kwa skrubu za chuma cha pua tu, maana mabaki ya asidi hula misumari ya kawaida.

Alumini ina mzigo wake mwanzoni. Kilo moja inayotoka kwenye madini hutumia umeme wa takriban kilowati-saa 14 katika kuyeyusha pekee. Kuyeyusha chakavu hutumia karibu asilimia 5 ya nishati ya kutengeneza mpya, kwa hiyo uliza kiasi cha chakavu kilichomo kabla hujaamini sifa ya "kijani". Kwa upande wa uimara, haina mpinzani kwenye nafasi kubwa za madirisha na milango na kuta zisizo na upenu. Tatizo ni joto: profaili (mhimili mrefu unaokatwa kuunda fremu) isiyo na utepe wa poliamidi, plastiki ya kuzuia joto, katikati huvusha joto moja kwa moja, na upande wenye hewa ya joto na unyevu hutoa jasho. Rangi ya unga, inayonyunyiziwa kisha kuokwa, iwe na unene usiopungua maikromita 60. Karibu na bahari, profaili iliyotiwa anodi, yaani utando mgumu unaokuzwa kwa umeme, ifike maikromita 20 hadi 25, na skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316. Saruji mbichi nayo huunguza alumini na kuacha madoa yasiyotoka, hivyo karatasi ya kinga ibaki hadi lipu iishe, kisha itolewe mara moja kabla jua halijaigandisha.

PVC ndiyo inayogawa watu zaidi. Haiozi, na chumvi ya bahari haiigusi. Lakini takriban asilimia 57 ya uzito wake ni klorini itokayo kwenye chumvi ya kawaida. Ndiyo maana ikiungua hutoa gesi ya asidi. Nazo profaili za zamani zilitiwa madini ya risasi kama kiimarishi, jambo ambalo viwanda vya Ulaya viliachana nalo kufikia mwisho wa 2015. Udhaifu wake mkubwa ni joto. Huanza kulainika kwenye digrii 80 hivi, na fremu ya rangi nyeusi kwenye jua kali husogelea kiwango hicho. Fremu ya mita 2 hurefuka karibu milimita 5.6 joto likipanda kwa digrii 40, dhidi ya milimita 1.8 za alumini. Bila vyuma vya kuimarisha ndani na nafasi ya milimita 5 hadi 10 kuzunguka fremu, milango hubana na kona zilizochomelewa hupasuka. Kona iliyopasuka haiungwi tena kwa uhakika. Kwa hiyo tunaiona inafaa pale inapokuwa nyeupe, kwa madirisha madogo, na si kwa mlango mkubwa unaoelekea jua la mchana.

Chuma cheusi kilichopakwa praima tu hakifai nje. Kichomelewe kwanza, kisha kichovywe kwenye zinki ya moto. Kuchomelea baada ya hapo huunguza zinki mahali palepale panapohitaji kinga.

Malighafi yoyote utakayochagua, kuna mambo yasiyobadilika. Skrubu za kushika ukuta zikae milimita 150 hadi 250 kutoka kila kona, na zisipishane zaidi ya milimita 600. Matundu ya kutoa maji chini ya fremu yasizibwe kwa silikoni, kosa la kawaida linalogeuza fremu kuwa birika na kuua kioo cha tabaka mbili, ambacho hufa kingo zake zikilowa muda mrefu. Kioo kishikwe na vifito, vipande vyembamba vya pembeni, vinavyoweza kuondolewa. Mpira wa kuziba wa EPDM, aina ya mpira wa kiwandani, hudumu kuliko wa PVC laini, mradi upenyezwe kwenye mfereji badala ya kugundishwa.

Penye upenu mpana na mtu wa kupaka rangi, tungechagua mbao. Ukuta wa wazi unaopigwa na mvua unadai alumini yenye utepe wa kuzuia joto. Kwa vyovyote vile, kabla ya kulipa pata kwa maandishi jina la profaili, unene wa rangi, aina ya mpira na ya bawaba, pamoja na kipande cha profaili hiyo cha sentimita 10. Fundi atakayekuja kubadilisha mpira baadaye atahitaji kupima mfereji wake.