Bolinas: Tatizo si kibao, ni mita

Ukitoka San Francisco kuelekea kaskazini kwa Barabara Kuu Namba 1, njia panda ya Bolinas, mji mdogo wa pwani ya California, Marekani, haina kibao. Kila kilipowekwa, wenyeji walikuja kuking'oa. Mwaka 1989 waliulizwa kwa kura kama wanataka alama za barabarani, wakakataa. Kwa ajili hiyo mji huu wa watu kama 1,500 hutajwa kwa kejeli: wachoyo wa bahari.

Kejeli hiyo inaangalia kibao na kuiacha mita ya maji.

Januari 1971 meli mbili za mafuta ziligongana chini ya daraja la Golden Gate, na mafuta yakatapakaa hadi ufukwe wa Bolinas. Vijana wakamiminika kuosha ndege na kuzuia mafuta yasiingie horini. Wengine hawakurudi walikotoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walilichukua wenyewe. Mwaka huohuo wa 1971 bodi ya maji ya mji ilisitisha mita mpya, yaani nyumba mpya zisiunganishiwe maji, na mpango wa mfumo mkubwa wa maji taka, ambao ungefungua mlango wa ujenzi, ukazimwa.

Mpaka leo mita ni kama 580 tu. Wanaouita usitishaji huo hila ya kuwazuia wageni husahau kwamba mji unategemea zaidi kijito kimoja, Arroyo Hondo. Katika ukame wa 2021 watu walikuwa wakijiandaa kwa mgao. Mji wa namna hiyo ungeahidi wageni maji gani? Miji mingapi ya pwani hujenga kwanza, kisha ndiyo ikaanza kutafuta kisima?

Hata hivyo kuna tarakimu moja inayonikera. Mwaka 2005 mita moja iliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya dola 300,000. Si nyumba, bali haki ya kuunganishiwa bomba, hata tofali moja halijawekwa. Mpishi au mwalimu hawezi kuinunua. Wala asingeiweza kijana yule wa 1971 mwenye begi mgongoni, ambaye huenda leo ndiye mzee anayeitetea mita. Wapinzani wa kikomo hicho wana haki hapo, ingawa wanaishambulia idadi ya mita wakati kasoro iko kwenye bei. Kikomo kiliwekwa kulinda kijito, kisha soko likakigeuza bidhaa. Nyumba ya mapumziko iliyofungwa madirisha wiki nzima ina mita yake, na mfanyakazi anayeisafisha anaendesha gari kutoka mji mwingine.