Anayekufariji ndiye anayekuhesabu

Kijana mmoja wa Tanga niliyekaa naye nyumba moja Uingereza alikuwa na kawaida yake: kila Jumapili, kabla ya kumpigia mama yake, anavua koti. Hita imezimwa kuokoa pauni, chumba baridi kama friji, lakini kwenye video mama lazima amwone na fulana, aridhike kwamba mwanawe hajambo. Simu ikikatwa, koti linarudi. Chuoni kwake mabango ya ushauri nasaha yalikuwa kila ukuta: bure, kwa siri, karibu. Hakwenda hata siku moja. "Mimi sina shida ya akili," aliniambia, "nina shida ya ada."

Wanaovitetea vyuo watasema kijana kakosea, na hawajakosa hoja. Upweke wa huko unaumiza kweli. Desemba jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, na mtu anaweza kumaliza juma zima bila kusikia jina lake likitamkwa sawasawa. Wengine hujibu kwamba dawa ni jumuiya, msikiti au kanisa. Hapo mimi nasita. Pilau ya Idi tunakula pamoja, sawa, ila ukimlilia mtu wa kwenu ughaibuni, habari inafika Tanga kabla chozi halijakauka. Mzungu asiyeujua ukoo wako ana faida yake.

Lakini maneno ya mshauri yana mwisho. Mwanafunzi Mwingereza anayesoma shahada ya kwanza England ana ukomo wa ada uliowekwa na serikali, pauni 9,535 kwa mwaka wa masomo 2025/26. Mgeni hana ukomo. Chuo kinajipangia, na mara nyingi ni maradufu au zaidi. Ameshalipia matibabu pauni 776 kwa mwaka kabla hata ya kupewa viza. Kubeba boksi, yaani vibarua, mwisho saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Na tangu Januari 2024, wengi wanaokwenda kusoma shahada ya uzamili hawaruhusiwi kuja na mume, mke wala watoto.

Linalonisumbua zaidi ni hili: chuo kinachokualika uje uzungumze ndicho mdhamini wa viza yako. Usipohudhuria masomo, kinawajibika kutoa taarifa serikalini. Naira ilipoporomoka mwaka 2023, akiba za wanafunzi wa Nigeria ziliyeyuka. Chuo Kikuu cha Teesside kikawafungia masomo baadhi yao waliokwama kulipa na kuwaripoti. Chuo kilijitetea kwamba masharti ya udhamini hayakukiachia njia nyingine. Hata kupumzika kuna bei: Mwingereza aliyeelemewa na sonona anaweza kuahirisha mwaka akatulia kwa wazazi wake, ilhali mgeni akiahirisha kwa muda mrefu, kwa kawaida udhamini unaondolewa na inabidi afungashe. Nani atakwenda kukiri kwamba amechoka?

Kwa haki, washauri nasaha hawakai wakipeleka majina kwenye ofisi ya viza. Wanatunza siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini. Basi bango liseme hivyo waziwazi, badala ya picha ya watu wanaotabasamu kwenye nyasi. Na ingawa sheria ya viza haitungwi na chuo, tarehe za awamu za ada kinazipanga chenyewe. Mtu atauliza kwa nini chuo kibebe mzigo wa mtu mzima aliyejichagulia safari, tena aliyeonyesha taarifa za benki kuthibitisha fedha anazo. Alizionyesha, ndiyo, kabla shilingi au naira haijashuka.

Aliyemsaidia yule kijana alikuwa karani wa dirisha la malipo, mama mmoja mwenye miwani shingoni. Alitazama deni, akabofya mara mbili tatu, akasogeza tarehe mbele wiki sita. Kijana alirudi nyumbani saa nane mchana, akalala hadi asubuhi ya pili.