Kichwa Kilipita, Masikio Yakakataa

Kwa kuwa rafiki yangu ameshatangulia kuwasimulia jinsi kichwa changu kilivyonasa ukutani, na kwa kuwa simulizi lake limezunguka Lubumbashi nzima, kutoka Kamalondo hadi Ruashi, kabla sijamaliza kuosha mafuta nyuma ya masikio, naona ni haki yangu kusahihisha mambo matatu. Kwanza, zimamoto hawakuitwa. Pili, sikuwa nachungulia sufuria ya mtu. Tatu, sikulia, kilichoonekana kikinitiririka mashavuni kilikuwa mafuta ya mawese, na mwenye macho anajua kwamba machozi hayana rangi ya chungwa.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kwanza ya zile siku mbili za milango wazi, ambapo watu huongozwa kutazama majengo ya zamani ya mji, na kosa langu lilianza Ijumaa usiku, nilipokaa kusoma habari za majengo ya Lubumbashi mpaka umeme ukakatika. Mtu aliyesoma usiku mmoja ni hatari kuliko asiyesoma kabisa. Tulipofika mbele ya lile jengo la ukumbi wa michezo ambalo sote tunaliita Jengo la 30 Juni, binti aliyekuwa akituongoza, mwanafunzi wa usanifu majengo mwenye sauti ya upole, alifungua kinywa kusema kwamba lilikamilika mwaka 1956. Kabla hajamtaja msanifu wake, nilikuwa nimeshamtaja Claude Strebelle kwa sauti ya mtu aliyekunywa naye chai. Mbele ya sinagogi nikamwahi tena kwa jina la Raymond Cloquet. Njiani nikawaeleza wenzangu, ambao hawakuniuliza, kwamba Wafaransa wamekuwa wakifungua majengo yao ya kihistoria kwa umma tangu 1984, na kwamba London walianza siku zao za namna hii mwaka 1992, hivyo sisi tusijione wachelewaji. Binti yule alitabasamu kila mara. Sasa naelewa kwamba lilikuwa tabasamu la mtu anayesubiri.

Nyumba ya tatu siitaji, kwa sababu wenyewe walitupokea kwa ukarimu na ukuta wao haukuwa na kosa lolote. Inatosha kusema ni nyumba ya miaka ya 1950, yenye paa lililochomoza mbele kama ukingo wa kofia, na upande mmoja wa baraza una ukuta wa klaustra, yaani yale matofali ya saruji yenye matundu ambayo kila mmoja wenu amewahi kuyaona, na wengi mmewahi kuficha funguo ndani yake. Binti alieleza vizuri sana, nami namnukuu kwa kuwa ndicho kitu pekee cha maana kilichosemwa siku hiyo: ukuta wa namna hiyo hukata makali ya jua la Oktoba, huachia upepo upite usiku na mchana, na humwezesha aliye ndani kuona nje bila yeye kuonekana sana. Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo ilipofaa tuondoke.

Mimi nikaongeza la kwangu, ambalo hata leo sijui nililitoa wapi. Nilisema kwamba wasanifu wa Kibelgiji walipima matundu yale kwa makusudi ili kichwa cha mtu mzima kisipite, kwani mwizi akishapitisha kichwa, mwili wote hufuata. Kulikuwa na mtoto wa miaka kama kumi, aliyeshikwa mkono na mama yake, ambaye alilitazama tundu, akanitazama mimi, akalitazama tundu tena.

“Papa, kinapita.”

“Hakipiti, mwanangu.”

“Kinapita.”

Ninyi mnaonijua mnajua kwamba ningeweza kunyamaza. Nilivua miwani, nikampa rafiki yangu aishike, nikainama.

Naomba hapa twende polepole, maana rafiki yangu amepapitia mbio ili awahi kufika kwenye mafuta. Paji la uso liligusa saruji kwanza, nayo ilikuwa ya baridi na ilinuka vumbi la zamani, lile la kona ambayo haijafagiwa tangu mji ulipokuwa ukiitwa Elisabethville. Buibui mmoja alihama kwa heshima. Nilisukuma kidogo tu, kwa nia ya kuonyesha jinsi ninavyozuiwa, na kwa mshangao sikuzuiwa. Masikio yalilala nyuma kama ya mbuzi anayepenya chini ya seng'enge, mashavu yakafuata, kidevu kikakwaruza ukingo wa chini, kisha nikahisi upepo mwanana shingoni. Binti alikuwa amesema kweli kuhusu upepo.

“Kinapita,” mtoto alisema nyuma yangu, bila majivuno.

Nikarudi nyuma. Yaani, kiwiliwili kilirudi nyuma. Masikio, yaliyokubali kulala wakati wa kuingia, yalisimama yakakamata ukingo pande zote mbili kama watoto wanaokataa kupelekwa shule. Nikajaribu kuinamisha kichwa kushoto, nikajaribu kulia, nikajaribu kutulia kama mtu aliyeamua mwenyewe kukaa pale afurahie mandhari.

Na mandhari yalikuwepo. Kwenye ua, hatua tatu kutoka puani pangu, mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua matembele. Aliinua macho akaona kichwa cha mtu mzima kimetundikwa ukutani kama kichwa cha swala katika nyumba ya mwindaji. Hakupiga kelele. Nami nililelewa vizuri, kwa hiyo nilianza mimi.

“Jambo mama.”

“Jambo papa. Habari?”

“Nzuri, mama. Nyumbani hawajambo?”

“Hawajambo. Unatafuta nani?”

“Simtafuti mtu. Nimekuja na wageni.”

Alinyosha shingo, akatazama kushoto na kulia kwa kichwa changu.

“Mbona siwaoni?”

“Wako upande wa mwili.”

Alifikiri kidogo, akaweka jani moja kwenye sinia, akasema, “Karibuni.”

Upande wa mwili mambo yalikuwa mabaya zaidi, na kilichoniumiza ni kwamba nilisikia yote bila kuona chochote. Nilisikia simu zikipiga picha. Nilisikia rafiki yangu akicheka mpaka akakohoa, na nikajua kwamba miwani yangu ipo mikononi mwa mtu asiyejitawala. Nilimsikia binti, kwa sauti ileile ya upole, akiwaambia watu kwamba sasa wangeweza kuona vizuri zaidi uwiano kati ya tundu na mwili wa binadamu, na watu wakasogea karibu. Mzee mmoja alinishika mkanda akavuta, jambo lililonisogeza sentimita mbili na kuishusha suruali yangu hadi mahali ambapo sikuwa tayari kupaonyesha hadharani. Kisha sauti ya kike, ambayo naamini ilikuwa ya mama wa yule mtoto, iliuliza kwa nia njema kabisa: “Lakini papa, si ulisema kichwa kikipita mwili wote hufuata?”

Palikuwa kimya. Niliwazia miaka yote hiyo tangu 1984, na nyumba zote ambazo Wafaransa na Waingereza wamefungulia wageni, nikajiuliza kama kuna mgeni hata mmoja aliyebaki ukutani akijadiliwa.

Mengine ni mafupi. Mama wa matembele alileta kikombe cha mafuta ya mawese, akanipaka masikioni kwa vidole viwili huku akiniambia nifumbe macho, akayalaza masikio kwa viganja na kusukuma, nami nikatoka kinyumenyume na kuangukia miguu ya watu waliopiga makofi. Shati lilikuwa jeupe. Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa kuwa dereva wa teksi aliniangalia akasema viti vyake ni vipya.

Kwa wale wanaodai kwamba ilikuwa jerikani nzima ya mafuta: kilikuwa kikombe kimoja, na nimeshatuma cha kurudisha. Kwa wale wanaouliza vipimo, nimejipima kwa rula mbele ya kioo, na upana wangu kutoka sikio hadi sikio ni jambo langu mwenyewe.

Jumapili sikwenda. Rafiki yangu alikwenda, bila shaka, na anasema yule mtoto alikuwa amewahi mapema, amesimama kando ya klaustra akiwaonyesha wageni tundu lenye alama mbili za mafuta. Anasema pia kwamba yule mama ananisalimia, na anauliza kama wale wageni wangu walifika nyumbani salama.