Miezi Miwili ya Forodhani

Mke wangu anasema darubini zangu ni wake wenza. Zimo tatu kabatini, za macho mawili, kila moja na mkoba wake wa ngozi, na zote, kwa maneno yake, zinatazamwa kuliko yeye. Hajakosea sana, ingawa mke mwenza hahitaji kufutwa kuvu kila masika.

Ya kwanza ni Muingereza, 6x30, ya jeshi. Ubavuni ina kile kimshale cha mali ya serikali yao na mwaka 1943, na kila jicho unalirekebisha peke yake, kwa hiyo ukishamaliza kurekebisha, meli imeshatia nanga. Ya pili ni Mrusi, 7x50, mzito kama tofali. Ukimvaa shingoni nusu saa unaota kibiongo. Ya tatu ndiye kipenzi: Jenoptem 8x30, Carl Zeiss Jena, yaani ya kiwanda cha Zeiss cha mji wa Jena, Ujerumani Mashariki. Nilimpata Darajani kwa mtu ambaye baba yake alifanya kazi na wale Wajerumani waliokuja Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, wakajenga majumba ya Kikwajuni. Ukimshika, rangi nyeusi imeliwa pale vidole vilipozoea, madini yanachungulia.

Shemeji yangu ni mtu wa Mrusi. Tumegombana juu ya jambo hili barazani, msibani, na mara moja ndani ya daladala hadi konda akatuomba tushuke. Hoja yake ni ya hesabu. Nambari ya kwanza ni mara ngapi darubini inavuta, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaokufikia jichoni: Mrusi 7 na ushei, Mjerumani 3 na robo tatu. "Magharibi ikiingia," anasema, "Mjerumani wako kipofu." Nami humjibu kwamba mboni ya mtu wa miaka 54 haifunguki milimita 7, kwa hiyo nusu ya mwanga wa Mrusi wake anaumwaga shavuni.

Tukakubaliana tumalize ugomvi. Siku ya 29 ya Ramadhani, Forodhani, kwenye kuangalia mwezi. Atakayeuona kwanza, darubini yake ndiyo bora, na mwingine anyamaze mpaka Iddi Kubwa.

Siku mbili kabla, nikamtoa Mjerumani na kumkuta na utando ndani, nyuzinyuzi kama za buibui. Hewa ya pwani hiyo. Kuvu huota juu ya kioo na akikaa sana hukila. Mtu mwenye akili angempelekea fundi. Mimi nilichukua bisibisi ya miwani, spiriti na pamba, nikatandika khanga mezani na kumfungua, saa tisa alasiri, na saumu kichwani.

Ndani ya darubini za namna hii mna prizimu nne, vipande vya kioo, mbili kila upande, ndizo zinazoigeuza picha isimame wima badala ya kusimama kichwachini. Zina pembe tatu. Zikiwa zimepangwa juu ya khanga mchana wa Ramadhani, wallahi, ni sambusa tupu. Kila moja ina kitanda chake na upande wake wa kulalia, na mafundi huziwekea alama kwa penseli kabla ya kuzitoa. Mimi sikuweka alama, maana nilikuwa nazijua.

Nikaenda kutafuta pamba zaidi. Nikiwa chumbani nikasikia sauti: "Nani kaiweka khanga yangu ya Sikukuu chini ya vyuma hivi?" Halafu nikasikia ikikung'utwa.

Khanga yenyewe imeandikwa USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO. Maandishi hayo niliyasoma vizuri sana, kwa sababu nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na ilikuwa ikipepea mbele ya uso wangu. Prizimu tatu nilizipata chini ya meza. Ya nne ilikuwa ndani ya kiatu cha mwanangu. Hazikuvunjika, alhamdulillahi, lakini nani ni nani sikujua tena. Nikazirudisha kwa kubahatisha, nikakaza skrubu, nikaenda dirishani. Jicho la kulia: safi, naona mpaka misumari ya bati la jirani. La kushoto: safi vilevile. Nikamfunga mkobani. Yote mawili kwa pamoja sikujaribu. Nilichelewa kwenda kununua tende.

Forodhani siku ile kulikuwa na watu hata pa kutema mate hakuna. Tukafungua kwa tende na maji, tukaswali palepale kwenye majani, kisha nyuso zote magharibi. Maalim wetu wa chuo, mzee ambaye ushahidi wake wa mwezi haujawahi kutiliwa shaka mtaani, alikuwa amekalia kiti cha plastiki kama hakimu. Shemeji akamuinua Mrusi. Mimi nikamuinua Mjerumani, nikapekua juu ya mkondo, juu ya mlingoti wa jahazi, nikapanda kidogo.

"Nimeuona!" Nilipiga ukelele, nao ulitoka kabla sijamaliza kuona.

Watu wakanizunguka. "Uko wapi? Umelalaje?"

Kwetu mwezi mchanga hulala chali kama dau. Huu ulikuwa umelala hivyo hasa, mwembamba kama ukucha. Isipokuwa juu yake palikuwa na dau jingine.

Nikasugua macho. Madau mawili. Kichwa kilikuwa chepesi kwa saumu, na ulimi ukawa mwepesi zaidi. Badala ya kunyamaza nikasema, "Iko miwili."

Kimya. Hata muuza urojo aliacha kukoroga.

"Mmoja utakuwa wa Makka," sauti ikatoka nyuma, "na mmoja wa kwetu. Basi mwaka huu hakuna kugombana!"

Hapo watu wakafa kwa kicheko. Mwingine akaongeza kwamba wakubwa wanataka mashahidi wawili wa mwezi mmoja, na sisi tumepata shahidi mmoja wa miezi miwili, hesabu ni ileile. Shemeji akaninyang'anya Mjerumani, akatazama, akamtoa usoni haraka kama aliyechomwa. "Miwili kweli," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kukubaliana naye.

"Lete hapa," Maalim akasema.

Akavua miwani, akamshika Mjerumani kwa mikono miwili. Akatulia muda mrefu. Nikaanza kupanga nitahamia wapi. Pemba nina jamaa.

"Mmoja," akasema Maalim. "Mwezi ni mmoja. Tena unaonekana vizuri kuliko nilivyowahi kuuona. Vijana, macho yenu yameharibiwa na simu."

Shemeji akageukia Mrusi wake, akauona na yeye, mmoja. Mashahidi wakatimia, watoto wakaanza kurukaruka, na mimi nikabaki nimeduwaa. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ndipo shemeji akaniminya mkono na kuninong'oneza: jicho la kushoto la Maalim lina mtoto wa jicho, miaka mitatu sasa. Anaonea moja tu.

Asubuhi ya Sikukuu, kabla sijala hata biskuti, Maalim alikuwa mlangoni akiitaka ile darubini kwa bei yoyote. Nilijaribu kumweleza kwamba ina kasoro. Akanitazama kwa huruma, akasema kasoro ninayo mimi. Nikampa bure, na mkoba wake. Hadi leo akipita barazani humwambia shemeji yangu kwamba hakuna kama Mjerumani, na shemeji, aliyeahidi kunyamaza, hunyamaza. Mimi watoto wa mtaa wananiita Miezi Miwili.

Juzi nimesikia wanawe Maalim wanampeleka hospitali kutolewa ule mtoto wa jicho. Namuombea apone kabisa, inshallah, ila si kabla sijapata fundi.