Mafindofindo ya mtoto: kung'oa yote au kubakiza ganda?

Mzazi akiambiwa mafindofindo ya mwanae yatakwanguliwa tu kwa ndani, ganda la nje libaki, wengi wanaona ni kazi nusu nusu. Swali la kwanza, si yataota tena? Yanaweza, hasa kwa vitoto vidogo sana, na wachache hurudishwa kwa upasuaji wa pili. Hilo halina ubishi.

Ila tuangalie kinachobaki kooni ukitoa yote. Ni misuli mitupu, iko wazi, na ndo hiyo hiyo mtoto anaitumia kila akimeza hata mate. Ndo maana siku ya nne ya tano, wakati nyumba nzima inategemea nafuu, maumivu yanapanda, mtoto anashika sikio analia mnakimbilia dawa ya sikio kumbe sikio ni zima, neva inayohudumia koo inafika mpaka huko. Ukimulika tochi unakuta utando mweupe na mdomo unanuka, watu wanasema usaha, wala si usaha, ni kidonda kinapona. Utando huo ukibanduka, mara nyingi kati ya siku ya 5 na ya 10, hapo ndo damu inaweza kuvuja, na mtoto mdogo hana damu nyingi ya kupoteza. Mpaka ale vizuri ni kama wiki mbili.

Ganda likibaki misuli imefunikwa. Maumivu yanapungua, hatari ya damu inapungua, wengi wanakula kawaida ndani ya wiki.

Wanaotetea kutoa yote kwa kisu cha kawaida huleta ukaguzi wa upasuaji wa mafindofindo uliofanyika England na Ireland Kaskazini 2003 hadi 2004, wagonjwa zaidi ya 33,000, ambapo vifaa vya umeme na joto vilivujisha damu zaidi. Ni kweli, lakini pale swali lilikuwa unatumia kifaa gani, sio unabakiza nini.

Kwa hiyo anayekoroma na kukata pumzi usingizini, shida yake ni njia kubanwa, kupunguza kunamtosha. Anayeugua koo kila mara ni habari nyingine, nyama iliyobaki inaweza kuvimba tena, hapo kutoa yote bado kuna mantiki. Na vyovyote iwavyo kodeini, dawa kali ya maumivu, asipewe, Marekani waliikataza 2013 kwa watoto waliofanyiwa upasuaji huu baada ya baadhi kuishiwa pumzi na kufa. Parasetamo na ibuprofeni kwa dozi ya daktari, maji kwa wingi, na akitema damu mbichi ni hospitali saa hiyo hiyo.