Mapaa ya asbesto: yang'olewe, lakini kwa mapafu ya nani?

Kenya ilipiga marufuku asbesto, madini ya nyuzi nyuzi yaliyochanganywa na saruji kutengeneza mabati ya kuezekea, mwaka 2006, lakini mapaa yaliyoezekwa kabla ya hapo yangali juu ya madarasa na nyumba nyingi za watumishi wa umma. Wapo wanaotaka yang'olewe mara moja, na wapo wanaosema yaachwe.

Wa kwanza wana hoja nzito. Jua na mvua hula saruji inayoshikilia nyuzi za asbesto, na paa likishaanza kumomonyoka halitapona. Shirika la Afya Duniani limeshasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani. Wa pili hujibu kwamba bati zima, lisilopasuka wala kutobolewa, hutoa nyuzi chache mno; vumbi la hatari huzuka linapovunjwa. Nao wanasema kweli, na hapo ndipo ninapopata wasiwasi, kwa sababu anayetumwa kulivunja ni kibarua wa kutwa.

Kibarua huyo akipanda na nyundo, akayapasua mabati na kuyatupa chini, amevuta nyuzi asizoweza kuziona. Jioni atazipeleka nyumbani kwenye nguo, na mkewe atakayezifua atazivuta pia. Mesotelioma, saratani ya utando wa mapafu, huweza kukaa miaka 20 hadi 40 au zaidi kabla ya kujitokeza. Wakati huo atamdai nani fidia? Mkandarasi hayupo, na yeye hana hata karatasi ya kuonyesha kwamba alifanya kazi pale.

Kinga yenyewe inajulikana: bati lilowanishwe, lifunguliwe skrubu badala ya kuvunjwa, lishushwe taratibu na kufungwa kwa plastiki nzito kabla ya kuzikwa mahali palipoidhinishwa. Msumeno wa umeme usiliguse bati hilo. Mfanyakazi avae ovaroli ya kutupwa na barakoa yenye kichujio maalumu; ile ya kitambaa haizuii nyuzi hizi. Aoge kabla ya kuondoka.

Mimi naunga mkono kuyaondoa, tukianza na yaliyopasuka, hasa ya shule. Yaliyo mazima yakaguliwe na kusubiri hadi fedha za kazi salama zipatikane. Zabuni iwe na fungu la kinga ambalo mkandarasi haruhusiwi kulipunguza ili ashinde kwa bei ya chini, na majina ya vibarua wote yahifadhiwe serikalini, ili atakayeugua baadaye awe na ushahidi.